Chuma Kimetunzwa, Mikono Je?

"Babu, mbona mnaliita gari la moshi na moshi wenyewe haupo?"

Swali hili niliulizwa na mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, tulipokuwa tukishuka kutoka katika garimoshi la reli mpya lililotuleta kutoka Mombasa mwishoni mwa likizo ya shule. Njia nzima alikuwa amebandika uso dirishani. Aliwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi, wakiwa wadogo kama vinyago kwa jinsi reli ilivyoinuliwa juu ya tuta. Aliona mibuyu, akaona barabara kuu na malori yake yasiyokwisha. Moshi hakuuona. Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Mtoto alikuwa amenena kweli. Reli hiyo ilipofunguliwa mwaka wa 2017, yeye alikuwa wa kubebwa mgongoni. Na moshi unaotajwa katika jina la chombo hicho ulikuwa umepeperuka miaka mingi kabla hajazaliwa.

Nikatambua kwamba lugha yetu ni ghala la ajabu. Huhifadhi jina la kitu hata baada ya kitu chenyewe kuondoka. Lakini neno peke yake halimtoshi mtoto. Mtoto hutaka kuona, na akiisha kuona hutaka kugusa. Basi Jumamosi iliyofuata nilimshika mkono nikampeleka mahali ambapo jibu la swali lake limeegeshwa: Makumbusho ya Reli ya Nairobi, karibu na stesheni kuu ya zamani.

Msomaji mpendwa, huenda umepita karibu na mahali hapo mara elfu ukikimbilia basi na hujawahi kuingia. Usione haya. Mimi nimeishi katika jiji hili kwa zaidi ya miaka 60, na hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu tu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka wa 1971, wakati reli ilipokuwa bado mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kuna ukumbi wenye picha, vyombo na mabango ya zamani. Na nje, juani na mvuani, vimesimama vichwa vya magarimoshi na mabehewa, kimoja nyuma ya kingine, kama wazee wastaafu walioketi kungoja barua ambayo haiji.

Mjukuu wangu hakutaka ukumbi. Alichomoka kama mshale akaenda kusimama mbele ya jitu moja la chuma, akainua shingo mpaka kofia ikamwanguka.

Hiyo ni injini nambari 5918, iliyopewa jina la Mlima Gelai ulioko kaskazini mwa Tanzania. Ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mnamo 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na kila moja ilibatizwa jina la mlima wa nchi zetu. Uzito wake ni tani 252. Magurudumu yake ni 28. Mjukuu wangu aliyahesabu kwa kidole, akakosea, akaanza upya. Reli yetu ya kale ina upana wa mita moja tu, lakini tumbo la injini hiyo, yaani boila ya kuchemshia maji, lina kipenyo cha zaidi ya mara mbili ya upana huo. Ukiitazama kutoka mbele unajiuliza ilipataje kusimama bila kupinduka.

Siri yake imo katika viungo. Jitu hilo halikuundwa kipande kimoja. Mbele kuna tangi lililobebwa na magurudumu yake, nyuma kuna tangi jingine lenye magurudumu yake, na katikati, kama machela iliyobebwa na watu wawili, zimening'inizwa boila na chumba cha dereva. Kwa hiyo iliweza kujipinda katika kona za milimani, na kuvuta shehena ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600. Hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuizidi katika reli zote za upana wa mita moja duniani.

"Na moshi ulitoka wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha dohani. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia: "Moshi huo aliyekuwa akiuchunga ni baba yangu."

Naam. Marehemu baba alikuwa mchochezi. Si mchochezi wa watu, ingawa enzi za ukoloni neno hilo lilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Alikuwa mchochezi wa moto. Injini hizi hazikula kuni wala makaa. Zilikula mafuta mazito meusi, yaliyopulizwa tanurini kwa nguvu ya mvuke. Kazi ya baba ilikuwa kufungua na kufunga mafuta hayo kwa kadiri, jicho moja kwenye vipimo na jingine kwenye dohani. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yanapotea bure. Moshi ukipotea kabisa, hewa imezidi na moto unapoa. Moshi uliotakiwa ni mwepesi, wa kijivu. Alikuwa akituambia kwamba mchochezi mwema hujulikana kwa moshi wake kama vile mpishi anavyojulikana kwa mchuzi wake. Na mara kwa mara alichota mchanga kwa kijiko cha bati akauachia uvutwe na moto tanurini, ili upite katika mirija ya boila na kuparuza masizi.

Tuliishi Muthurwa, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa jamaa nzima. Aliondoka jioni na kifurushi cha chakula. Alirudi siku ya tatu akinuka mafuta na jasho, macho mekundu, masikio yamezibwa na ngurumo hata mama akamwita mara tatu ndipo aitikie. Tukisikia honi usiku tulibishana kitandani: huyo ni baba, la, siye. Huo ndio uliokuwa mchezo wetu.

Hatimaye tuliingia ukumbini. Sitaki kumchosha msomaji kwa kuorodhesha kila kitu. Kuna sahani na vijiko vya fedha vya behewa la chakula, vyenye nembo ya reli, vilivyowekwa mbele ya abiria wa daraja la kwanza wakati abiria wa daraja la tatu walipokuwa wakimenya mayai magotini. Kuna benchi la mbao lililokuwa likifungwa mbele ya injini ili wageni waheshimiwa watazame wanyama bila kizuizi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alisafiri ameketi mbele ya injini namna hiyo mwaka wa 1909.

Na kuna behewa ambalo huwafanya watoto wote wanyamaze. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ndogo ya Kima, ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo akiwa na Wazungu wenzake wawili, Huebner na Parenti. Nia yao ilikuwa kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Ryall alishika zamu, usingizi ukamshika yeye. Simba akaingia, akamkamata, akatoka naye dirishani. Mjukuu wangu alilipima dirisha kwa mikono yake kisha akanigeukia kwa mashaka: simba mzima, na mtu mzima, katika nafasi ile? Nikamwambia ndivyo ilivyotokea.

Hapo ndipo fikira ilipoanza kunichoma. Tazama, msomaji, jinsi tunavyoujua usiku huo mmoja. Twajua nani alikuwa zamu na nani alilala. Twayajua majina yote matatu. Twalijua dirisha. Zaidi ya miaka 120 imepita, na habari zao zingali mbichi kama za juzi. Lakini je, watu wale ambao simba huyo alikuwa amekwisha kuwala kabla ya kumfikia Ryall, na ambao kwa ajili yao mtego huo uliwekwa, waliitwa nani?

Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, ikalifikia Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Kati yao karibu 2,500 walikufa, kwa maradhi, kwa ajali na kwa meno ya simba. Hesabu inakaribia watu wanne kwa kila maili ya reli. Wenyeji waliobeba mizigo, waliofyeka vichaka na waliochota maji hata hesabu kamili ya namna hiyo hawakuipata. Wa Bara Hindi tunao kwa tarakimu. Wenyeji hatuna hata tarakimu.

Nitakiri kwamba wapo wachache walioponea. Simba wa Tsavo walipoanza kazi yao mwaka wa 1898, mmoja wa waliochukuliwa alikuwa jemadari Ungan Singh, na jina lake twalijua kwa sababu mhandisi J. H. Patterson alilitia katika kitabu chake alichokichapisha mwaka wa 1907. Mtu akitajwa na mwenye kalamu huishi. Simba wenyewe nao wameishi: Patterson aliwaua mwezi Desemba 1898, na mwaka wa 1924 ngozi zao zilinunuliwa na makumbusho ya Field huko Chicago, ambako wamesimama hadi leo ndani ya kioo, wakitazamwa na watoto wa shule wa Marekani. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Aliyekula ana jumba na taa na mlinzi. Aliyeliwa, isipokuwa wachache mno, hana hata kibao.

Simlaumu mtu anayeitunza nyumba hii ya Nairobi. Kuilinda injini ya tani 252 isioze kwa kutu na isikatwekatwe ni kazi ya jasho, nami nawavulia kofia. Tena kila makumbusho huonyesha kile kilicholetwa. Wazungu waliandika shajara, wakapiga picha, wakatunza barua, wakazikabidhi. Sisi tulikabidhi nini?

Tusidhani kwamba hatukuwa na la kukabidhi. Wanandi, chini ya uongozi wa Koitalel arap Samoei, waliipinga Serikali na reli yake kwa miaka kama kumi, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli na kuvifanya mapambo na silaha. Ilibidi Koitalel auawe kwa bunduki ya Richard Meinertzhagen katika mkutano wa kutafuta amani, tarehe 19 Oktoba 1905, ndipo upinzani huo uvunjike. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli mjini Mombasa waliweka zana chini, mji mzima ukasimama. Kiongozi wao Chege Kibachia akaishia kuhamishiwa Baringo kwa amri ya Serikali. Hii nayo ni historia ya usafiri na viwanda. Historia ya chombo ni pamoja na ya wale waliokiendesha, waliokipinga na waliokigomea.

Nilikuwa nikiyawaza hayo mbele ya ukuta wa picha wakati mjukuu wangu aliponivuta shati. Alikuwa amezipitia picha zote, moja baada ya nyingine, akisoma maandishi yaliyo chini kwa sauti ya chini.

"Babu, jina la baba yako liko wapi hapa?"

"Halipo."

"Kwa nini? Si alifanya kazi hapa?"

Nikamwambia kwamba wafanyakazi walikuwa wengi mno. Hakuridhika. "Basi hata kitu chake hakipo? Kofia? Taa?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, mwishowe huja. Mimi majuto yangu yalikuja yakiwa yamenishika shati.

Maana taa ilikuwapo. Baba alipostaafu, rafiki yake mmoja aliyekuwa gadi wa treni alimzawadia taa yake ya mkono, taa ya reli yenye vioo vya rangi tatu: cheupe, chekundu na cha kijani. Ukizungusha kifuniko, rangi hubadilika. Baba aliining'iniza ukutani nyumbani kwetu Kibwezi, karibu na ile reli aliyoitumikia, na kila garimoshi lilipopita usiku alitoka nje akaliashiria kwa kijani, kana kwamba bila ruhusa yake lisingefika Mombasa. Alipofariki, mimi ndimi niliyekwenda kuisafisha nyumba. Mwaka ulikuwa 2006. Alipita kijana na mizani akinunua vyuma chakavu. Nilimpa sufuria zilizotoboka, mabati yaliyooza, jembe lililovunjika, na taa. Mizani ilisoma kilo tatu kasoro kidogo kwa ile taa. Alinipa shilingi 75, na nakumbuka vizuri kwamba nilibishana naye nikitaka 80.

Hakuna aliyeniibia, wala mkoloni hakuwapo. Hakuna ofisi niliyoweza kuilaumu. Mtoto wa mchochezi, mtu aliyesoma na anayejiita mwandishi, aliiweka kumbukumbu ya baba yake juu ya mizani ya vyuma chakavu, akabishania shilingi tano.

Nayasema haya hadharani kwa kuwa sidhani niko peke yangu. Sisi tumekuwa taifa linaloyeyusha kumbukumbu zake. Mwezi Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuzama gizani, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo ikaondolewa mwaka uo huo. Tulijadili sana hasara ya umeme. Sikusikia mtu akiuliza ni cherehani ngapi za nyanya zetu, ni gramafoni ngapi, ni pasi ngapi za makaa na baiskeli ngapi za kubebea maziwa zilizopita juu ya mizani hizo bila mtu kulia.

Wenzetu waliwahi kuponea chupuchupu katika jambo kama hili. Huko Dearborn, Michigan, kuna makumbusho makubwa yaliyoanzishwa na Henry Ford mwaka wa 1929, ambayo yamekusanya vyombo vya usafiri, mitambo ya viwanda na vitu vya maisha ya kila siku ya Wamarekani. Sijafika huko; habari zake nimezisoma. Wana garimoshi kubwa lililoundwa mwaka wa 1941, na gari ambalo Rais Kennedy alipigiwa risasi ndani yake mwaka wa 1963. Lakini kitu kinachowapangisha watu foleni ni basi la kawaida la mjini, lenye viti vya kawaida. Ni basi ambalo Rosa Parks, fundi wa kushona nguo, alikataa kumpisha Mzungu kiti tarehe 1 Desemba 1955 katika mji wa Montgomery, Alabama. Angalia mwaka huo: ndio mwaka ambao Manchester walianza kutuundia zile injini zetu.

Basi hilo lilipozeeka liliuzwa. Kwa muda wa kama miaka 30 lilikaa shambani, madirisha yameng'olewa, likitumiwa kama stoo ya mbao na vifaa. Makumbusho hayo yalilinunua mnadani mwaka wa 2001 kwa dola 492,000. Je, ilijulikanaje kwamba ndilo lenyewe, na mabasi yalikuwa mengi na yote yalifanana? Ilijulikana kwa sababu meneja mmoja wa kituo cha mabasi cha Montgomery alikuwa na desturi ya kukata habari za magazeti na kuzibandika daftarini. Kando ya habari hizo, kwa mkono wake, aliandika nambari ya basi: 2857. Tarakimu nne za kalamu ndizo zilizoligeuza bati la kuuzwa kwa kilo kuwa hazina ya taifa.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu aghalabu tukizungumzia makumbusho huwa twalilia fedha za Serikali na wafadhili. Fedha zahitajika, sikatai. Lakini meneja yule hakuwa na mfadhili. Alikuwa na kalamu, na alidhani kwamba jambo alilolishuhudia lilistahili kuandikwa.

Sisi tunayo mengi yanayostahili. Matatu, kwa mfano. Hicho ni chombo kilichozaliwa na wananchi wenyewe, kikapata jina lake kutokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alizitambua matatu kisheria, na mwaka wa 2004 zikawekewa kanuni kali za Waziri John Michuki, za mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Katikati ya miaka hiyo zilibeba muziki wetu, uchoraji wetu, mzaha wetu na misimu yetu. Mtoto wa Nairobi alijua kwamba wimbo umevuma akiusikia ndani ya matatu kabla ya kuusikia redioni. Baadhi ya wachoraji wa mji huu wamewahi kufanya kazi zao katika uwanja uo huo wa makumbusho ya reli, na mabehewa kadhaa ya kale yana rangi zao. Siku ile tulipokwenda, mjukuu wangu aliona rangi hizo akacheka kwa furaha: hicho ndicho kitu alichokitambua. Lakini Peugeot iliyokatwa nyuma ikawekwa mabenchi ya abiria kutazamana, ile iliyotupeleka mashambani ujanani mwetu, sikuiona. Nadhani nyingi zimekuwa masufuria.

Na mafundi wa jua kali wa Gikomba, waliochukua mapipa ya mafuta wakayafanya masanduku ya chuma ya wanafunzi wa mabweni? Sanduku lile ni historia ya viwanda na ya elimu kwa pamoja. Liko wapi lako? Na rekodi za santuri zilizotolewa River Road, ambazo mlikuwa mkicheza hadi sindano ikawa butu? Kama zipo, basi usimpe mtu wa mizani kabla hujaziuliza zina habari gani.

Sisemi kwamba kila kikorokoro kiwe kitu cha makumbusho; tukifanya hivyo tutakosa pa kulala. Nasema kwamba kabla ya kukitoa, kiandikwe. Kilikuwa cha nani, kilitumiwa wapi, kilifanya kazi gani, mwaka gani. Walimu wa historia waweza kuwatuma wanafunzi wao nyumbani na swali moja tu: katika nyumba yenu, ni kitu gani kizee kuliko wote, na nani anaijua hadithi yake? Wazee wa reli, wa bandari, wa mashamba ya mkonge na wa viwanda vya sukari waketishwe wasimulie, na simu hizi zinazorekodi vichekesho mchana kutwa zirekodi nao. Na makumbusho yetu nayo, yakiwa na picha ya injini na watu wamesimama mbele yake, yawaalike wananchi waje kutazama nyuso na kutaja majina. Hilo halihitaji mkopo.

Nasi tumeanza kwetu. Taa imekwenda na hairudi, lakini picha ilibaki. Siku hiyo hiyo tulipofika nyumbani, tulifungua bahasha ya kaki na kuitoa: wanaume wanne mbele ya injini mojawapo ya zile za milima, nguo za kazi zimechakaa, vifua mbele. Nyuma ya picha hakukuandikwa chochote. Wa pili kutoka kushoto ni baba. Anayemfuata namjua, alikuwa jirani yetu Muthurwa. Wengine wawili sikuwajua.

Wiki iliyopita nilimchukua mjukuu wangu tukamtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi na baba, mzee aliyepita miaka 90 sasa. Aliishika picha karibu na pua. Alinyamaza kwa muda. Kisha akamtaja yule wa kwanza kushoto, akaongeza na jina la utani, akacheka hadi akakohoa. Mjukuu wangu aliliandika nyuma ya picha kwa penseli, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la nne. La baba lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Msomaji ataniuliza mbona nahubiri habari za majina na hapa sitaji hata moja ya majina hayo. Ni kwa sababu gazeti la leo kesho hufungia njugu. Nimeyaweka mahali ambapo najua nani atayarithi.

Wa nne, aliyesimama mwisho kulia, mkono mmoja kwenye ngazi ya injini na kofia ameinamisha, mzee wetu hakumkumbuka. Alisema, "Huyu alikuwa mtu mzuri, aliimba," kisha akatikisa kichwa. Nyuma ya picha, mahali pake, mjukuu wangu ameandika: *aliimba*. Kando yake ameacha nafasi ya jina, na kila nikimtembelea hunikumbusha kwamba nafasi hiyo ingali tupu.